Zoeza mkono wako kutambua maumivu ya punda mapema

Wahenga walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Lakini je, mpenzi msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini punda aliyevuta mkokoteni miezi mingi bila kusumbua hugeuka siku moja akarusha teke anapofungwa matandiko? Mara nyingi huo si ukaidi. Ameguswa mahali panapouma, na mwenye punda hakujua kwamba hapo pana maumivu.

Ukifika Makutano, pale barabara ya Embu inapoachana na ile ya Sagana na Nyeri, na kuendelea hadi Mwea, utaona jinsi mnyama huyu anavyotegemewa. Ndiye anayesomba mpunga, maji, kuni na mawe. Akilala siku tatu, kuna nyumba ambayo haitapata unga. Kumpata mwingine pia si rahisi kama zamani. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na punda karibu milioni 1.8, lakini ile ya mwaka 2019 ilionyesha kama milioni 1.2 tu. Kati ya miaka hiyo, kuanzia 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda kwa ajili ya nyama na ngozi ya kuuzwa ng'ambo, na wizi wa punda ukaongezeka. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, na mwaka uliofuata mahakama ikaiondoa marufuku hiyo.

Kwa hivyo ni heri kumtunza uliye naye, na chombo cha kwanza cha utunzaji hakinunuliwi dukani. Ni mkono wako.

Kwa nini mkono na si macho?

Punda hana tabia ya kulalamika. Hufanya kazi na kula hata akiwa na maumivu, na anapoanza kuchechemea au kukataa chakula, ugonjwa huwa umekwisha kuingia ndani. Isitoshe, manyoya yake mazito huficha uvimbe na hata kukonda.

Chukua mfano wa vidonda vya matandiko. Kamba au mbao inapobana ngozi kwa muda mrefu, damu haipiti vizuri mahali hapo. Kwanza pale panapata joto, kisha panavimba kidogo na kuuma vikiguswa. Ngozi hupasuka baadaye. Macho huona kidonda, lakini vidole vinaweza kukigundua kabla hakijafunguka, wakati dawa yake bado ni mapumziko na kurekebisha matandiko. Ukiona madoa ya manyoya meupe mgongoni au mabegani mwa punda, jua kwamba hapo aliumizwa zamani.

Kuvizoeza vidole

Hakuna anayezaliwa na ujuzi huu. Hupatikana kwa mazoezi, na unaweza kuanza ukiwa nyumbani.

Chukua unywele mmoja wa mkia wa punda, uweke juu ya meza na uufunike kwa ukurasa mmoja wa gazeti hili. Fumba macho, uutafute kwa ncha za vidole. Ukiupata, ongeza ukurasa wa pili, kisha wa tatu. Utagundua kwamba ukibonyeza kwa nguvu huhisi chochote. Mkono mwepesi ndio unaosikia.

Zoezi la pili ni la kujua misuli. Legeza mkono wa kushoto na ubonyeze nyama iliyo chini ya kidole gumba. Sasa kunja ngumi kwa nguvu na ubonyeze tena. Ule ulaini wa kwanza ni msuli uliopumzika. Ule ugumu wa pili ni msuli uliokaza.

Zoezi la tatu, bado ukiwa umekunja ngumi, pitisha vidole juu ya vifundo vyake. Mbavu za punda zikiwa hivyo, amekonda. Kunjua mkono na upapase mgongo wa kiganja: mbavu zikihisiwa namna hiyo, hali yake ni nzuri. Zikiwa zimefunikwa kama nyama ya kiganja, amenenepa kupita kiasi.

Jinsi ya kumpapasa

Mfanyie kazi hii kila siku baada ya kumfungua mkokoteni, kisha umguse tena baada ya saa moja, kwani uvimbe mwingine huchelewa kujitokeza. Mwendee kutoka upande wa bega, mahali anapokuona, huku ukizungumza naye. Usimwendee kwa nyuma. Mkono mmoja ubaki mwilini mwake wakati wote ili ajue ulipo.

Anza chini ya taya. Hapo kuna tezi ambazo zikivimba na kuuma huenda ana ugonjwa wa kuambukiza, na ni lazima atengwe na wenzake. Chini ya mfupa huohuo wa taya unapita mshipa wa damu. Weka vidole viwili, si kidole gumba kwa maana chenyewe kina mapigo, uhesabu kwa nusu dakika kisha uzidishe mara mbili. Punda mkubwa aliyetulia huwa na mapigo kama 36 hadi 52 kwa dakika.

Shuka shingoni hadi mabegani, kisha pale shingo inapokutana na mgongo. Tumia mgongo wa kiganja kutafuta joto na ncha za vidole kutafuta uvimbe. Fuata uti wa mgongo pande zote mbili, ukibonyeza taratibu kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Usisahau chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele, mahali kamba hupita na macho hayafiki.

Miguuni, papasa kano za nyuma kutoka goti kwenda chini. Ziwe ngumu, baridi na nyembamba kama kamba iliyovutwa. Kwato ziguse zote nne akiwa kivulini. Pande mbili za kifundo kilicho juu ya kwato kuna mshipa ambao mapigo yake kwa kawaida ni hafifu sana. Yakidunda kwa nguvu na kwato ikawa ya moto kuliko nyingine, usimfunge mkokoteni. Mwite daktari wa mifugo.

Jambo muhimu kuliko yote ni kulinganisha upande wa kushoto na wa kulia, na leo na jana. Mtu aliyezoea mwili wa punda wake akiwa mzima hugundua mabadiliko haraka.

Vilevile mtazame unapompapasa. Akiacha kutafuna, akazuia pumzi, akageuza sikio kuelekea mkono wako, ngozi ikatetemeka au akajivuta kando, amekujibu. Rudia mahali hapo mara moja tu, kwa wepesi. Usimtese kwa kutaka uhakika.

Ukipata tatizo

Misuli iliyokaza bila joto wala uvimbe unaweza kuikanda polepole kwa kiganja, dakika chache kila upande, bila kubonyeza uti wa mgongo. Lakini usikande kidonda, uvimbe wa moto, wala punda mwenye homa. Usijaribu pia kurudisha mfupa mahali pake.

Kidonda kidogo kioshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Usipake oili chafu ya gari wala maji ya betri. Mpumzishe mpaka ngozi ipone, maana kuweka kitambaa juu ya kidonda na kuendelea na kazi hakuondoi mbano. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, pia inakataza kumtumikisha mnyama asiyefaa kwa kazi.

Mwite daktari upesi iwapo hawezi kukanyaga mguu, au amekataa chakula siku nzima. Punda asiyekula huweza kupata mafuta mengi kwenye damu na kufa.

Jihadhari wewe pia. Viini vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na huingia kupitia jeraha, la punda au lako. Funika mikwaruzo, nawa mikono kwa sabuni, na uulize kuhusu chanjo yenu nyote wawili. Punda anayetokwa mate mengi, asiyeweza kumeza au aliyebadilika tabia ghafla usimtie mkono kinywani, kwani huenda ana kichaa cha mbwa. Akikuuma au mate yake yakigusa kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna wanaosema punda afe, mzigo ufike. Lakini kesho kuna mzigo mwingine, na bila punda huyo hautafika. Dakika kumi za kumpapasa kila jioni zinatosha kuanzia, na zoezi la unywele na gazeti unaweza kulifanya leo.