Mwambie Daktari Kikohozi Kilianza Lini

Mgonjwa wa kifua kikuu mara nyingi hafiki hospitali akijua anachoumwa. Huletwa usiku idara ya dharura kwa sababu pumzi imembana, au ametema damu, au homa imempanda hata hawezi kusimama. Daktari wa zamu, mwenye foleni ndefu mbele yake, hushughulikia kwanza kile anachokiona. Malaria hupimwa, nimonia hupewa dawa, na mgonjwa akipata nafuu kidogo hurudishwa nyumbani. Tena zipo dawa za nimonia, kama levofloksasini, ambazo huweza kutuliza kifua kikuu kwa muda bila kukiponya, na ugonjwa ukazidi kujificha.

Hapo ndipo wewe mama uliyemsindikiza una neno la kusema. Nani mwingine ajuaye kwamba baba watoto anakohoa tangu mwezi uliopita? Ni wewe unayefua shuka zilizolowa jasho la usiku, na ni wewe uliyeona suruali zake zimeanza kumpwaya. Usingoje kuulizwa. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni mambo ya kutajwa pale pale mapokezi. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI, kikohozi chochote kitajwe, hata kama ni cha siku chache. Wapo waume watakaokukonyeza unyamaze. Wewe sema.

Ukisema mapema, muuguzi ataweza kumpa barakoa na kumketisha penye hewa, mbali na vichanga vya wenzako kwenye benchi. Vijidudu hivi huenea kwa hewa, si kwa vikombe wala sahani.

Akiambiwa atoe makohozi, yatoke ndani kifuani, mate hayafai. Kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, huchukua muda wa saa mbili hivi mashineni. Mtoto mdogo asiyeweza kutoa makohozi huweza kupimwa kwa kinyesi. Kwake pengine dalili kubwa ni kutoongezeka uzito, basi usiisahau kadi yake ya kliniki.

Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na katika hospitali za serikali za Tanzania na Kenya dawa zake ni bure. Akigundulika mmoja, wapeleke na wengine wa nyumbani wakachunguzwe, ukianza na walio chini ya miaka 5.