Walioongoza Ligi Wakakosa Kombe

Msomaji mpendwa, bila shaka nawe ni miongoni mwa wale ambao wakifungua gazeti la Jumapili jicho hukimbilia msimamo wa ligi: nani yuko kileleni, nani anaburura mkia, nani amebakiza mechi ngapi. Leo nakuomba tuutazame msimamo wa ligi ya mbali, wa mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona kwa macho. Ni msimamo wa mpira wa magongo wa barafuni wa mwaka 1925. Timu iliyo juu kabisa ni Hamilton, yenye pointi 39. Timu hiyo haikucheza hata mechi moja ya kugombea kombe, na kabla mwaka haujakwisha haikuwapo tena duniani.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Ni jamaa wa mpira wa magongo unaochezwa hapa kwetu kwenye nyasi, ila umehamia kwenye barafu. Kila upande huwa na watu sita uwanjani, akiwamo mlinda mlango. Huvaa viatu vyenye ukingo wa chuma chini ya soli, hujitelezesha kwa kasi kubwa, na badala ya mpira hupiga kisahani cha mpira mgumu chenye unene wa inchi moja na upana wa inchi tatu. Mchezo huwa na vipindi vitatu vya dakika 20. Siku hizi wachezaji hupokezana kila baada ya dakika moja hivi, maana mbio za barafuni humaliza pumzi upesi. Lakini zama hizo tunazozizungumza vikosi vilikuwa vidogo, watu kumi hivi, na mchezaji hodari aliweza kubaki barafuni karibu mchezo mzima. Ukiongeza mechi, wale wale kumi ndio walioongezewa kazi.

Ligi ya Taifa ya Hoki iliundwa mjini Montreal, nchini Kanada, mwezi wa Novemba 1917. Ilianza na timu nne, na baada ya majuma machache zikabaki tatu, kwa kuwa ukumbi wa timu ya Wanderers uliteketea kwa moto Januari 1918 na timu hiyo ikajitoa. Wenye ligi walihangaika sana kutafuta utaratibu wa kumpata bingwa. Mwanzoni waliukata msimu vipande viwili: mshindi wa nusu ya kwanza alipambana na mshindi wa nusu ya pili. Utaratibu huo ulionekana wa haki mpaka msimu wa 1919–20, pale Ottawa ilipochukua nusu zote mbili, pasipatikane mtu wa kupambana naye. Na fainali isiyochezwa, msomaji, haina kiingilio. Basi mwaka 1921 wakaamua kwamba timu mbili za juu katika msimamo ndizo zitakazogombea ubingwa.

Msimu wa 1924–25 mambo yalibadilika tena. Ziliingia timu mbili mpya: Maroons ya Montreal, na Boston, ambayo ndiyo timu ya kwanza ya Marekani katika ligi hiyo. Kila moja ililipa dola 15,000 za kujiunga. Timu zikawa sita. Mechi za kila timu zikaongezwa kutoka 24 hadi 30. Na katika kugombea ubingwa ikaongezwa hatua moja: timu ya pili na ya tatu zitapambana, na mshindi wao atakutana na timu ya kwanza, ambayo itakuwa imepumzika ikimngoja. Kila badiliko kati ya hayo lilimaanisha mapato zaidi milangoni.

Sasa twende Hamilton. Huu ni mji wa viwanda kando ya Ziwa Ontario, unaojulikana Kanada nzima kwa tanuri zake za chuma. Timu yake, Tigers, haikuzaliwa hapo. Ilitoka Quebec mwaka 1920 baada ya kushinda mechi nne tu kati ya 24. Iliyoihamisha ni kampuni ya kutengeneza barafu, Abso Pure, iliyokuwa na ukumbi mpya wa kutelezea uliohitaji watazamaji. Kwa misimu minne mfululizo Tigers walimaliza mkiani. Ushindi sita, ushindi saba, sita tena, tisa. Mpenzi wa Hamilton wa miaka hiyo alikuwa mtu wa subira kubwa.

Msimu wa tano timu ikageuka. Langoni alisimama Jake Forbes, mtu mdogo wa umbo, ambaye miaka michache kabla alikuwa amekaa nje msimu mzima huko Toronto kwa kukataa mshahara aliopewa. Mbele walikuwako ndugu wawili, Red Green na Shorty Green, pamoja na Billy Burch, ambaye mwaka huo alitunukiwa tuzo ya Hart ya mchezaji aliyeifaa timu yake kuliko wote katika ligi. Msimu ulipokwisha, msimamo ulikuwa hivi: Hamilton ilishinda mechi 19, ikafungwa 10, ikatoka sare moja, pointi 39. Toronto walishinda 19 na kufungwa 11, pointi 38. Canadiens wa Montreal walipata pointi 36, Ottawa 35. Maroons walikuwa nyuma sana kwa pointi 20, na Boston, wageni wa ligi, walishinda mechi sita na kufungwa 24, wakaambulia pointi 12. Angalia jinsi timu nne za juu zilivyobanana: kutoka ya kwanza hadi ya nne ni pointi nne, yaani mechi mbili tu. Hamilton hawakubahatisha, walikipigania kilele mpaka juma la mwisho.

Walipokuwa ndani ya treni wakirudi nyumbani kutoka mechi ya mwisho mjini Montreal, wachezaji walimwendea meneja wao, Percy Thompson, na kumweleza jambo moja. Msimu umerefushwa kwa mechi sita na mshahara haukusogea. Sasa zinakuja mechi za kugombea ubingwa, ambazo wenye timu watagawana mapato yake. Wao wanataka dola 200 kila mmoja; bila hizo hawatavaa viatu. Shorty Green, aliyekuwa amepigana katika Vita Kuu ya kwanza, alikuwa mmoja wa wasemaji wao.

Thompson alikataa. Hoja ya wenye timu ilikuwa kwamba mkataba unataja tarehe, kuanzia Desemba 1 hadi Machi 30, wala hautaji idadi ya mechi; kwa hiyo mechi yoyote itakayoangukia kati ya siku hizo imekwisha lipiwa. Wachezaji walijibu kwamba msimu wenyewe ulianza kabla ya Desemba 1, na hiyo kazi ya siku za mwanzo wameifanya kwa mkataba gani? Ukiniuliza mimi, nitasema kwamba kwa herufi za karatasi mwajiri alikuwa na pa kushikia, lakini wenye ligi ndio waliokuwa wa kwanza kuubadili ukubwa wa kazi bila kuwauliza wanaoifanya. Mfanyakazi yeyote wa kiwandani aliyepata kuongezewa saa bila kuongezewa ujira ataielewa kesi hii bila wakili. Hata hivyo tusisahau kwamba pale Hamilton palikuwa na maelfu ya watu walioisubiri siku hiyo kwa miaka mitano, nao hawakuulizwa na upande wowote.

Shauri likafika kwa Rais wa Ligi, Frank Calder, Mwingereza wa kuzaliwa aliyepata kuwa mwalimu na kisha mwandishi wa habari za michezo kabla ya kushika uongozi mwaka 1917. Calder hakuyumba. Aliona kwamba akikubali kwa Hamilton, timu zote tano zilizobaki zitabisha hodi kesho yake. Wachezaji nao walishikilia msimamo wao. Basi akawafungia wote na kumtoza kila mmoja faini ya dola 200, kiasi kile kile walichokuwa wakidai. Kisha akatangaza kwamba mshindi kati ya Toronto na Canadiens ndiye bingwa wa ligi.

Canadiens waliishinda Toronto kwa jumla ya magoli 5 kwa 2 katika mechi mbili. Wakapanda treni kuvuka bara zima hadi Victoria, kwenye pwani ya magharibi, kugombea Kombe la Stanley na bingwa wa ligi ya huko. Walifungwa mechi tatu kwa moja. Tangu mwaka huo hakuna timu yoyote ya nje ya Ligi ya Taifa ya Hoki iliyolichukua tena kombe hilo. Kama Hamilton wangefanya vizuri zaidi kuliko Canadiens, hakuna awezaye kusema.

Hebu sasa tufanye hesabu ndogo ya nyumbani. Watu kumi kwa dola 200 ni dola 2,000. Mwaka huo huo haki za wachezaji wa Hamilton ziliuzwa kwa dola 75,000. Mnunuzi alikuwa Bill Dwyer wa New York, tajiri aliyepata mali yake kwa magendo ya pombe, maana miaka hiyo pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani kote. Desemba 1925 alikamatwa na polisi, na baadaye akafungwa jela. Lakini wakati huo timu alikuwa nayo tayari. Ligi iliyowafungia wachezaji kwa kudai dola 200 haikuona taabu kumpokea mtu huyo mezani.

Wachezaji walirudishwa baada ya kulipa faini na kuomba radhi kwa maandishi. Walivalishwa jezi mpya za timu iliyoitwa New York Americans, wakapelekwa kwenye ukumbi mpya wa Madison Square Garden, ambamo mechi ya kwanza tu ya Desemba 15, 1925 ilihudhuriwa na watu wengi kupita uwezo wa ule ukumbi mdogo wa Hamilton. Baadhi yao walipata mishahara minono kuliko walivyowahi kuota. Hivyo huwezi kusema moja kwa moja kwamba mgomo uliwapa hasara. Lakini msimu huo wa kwanza walishinda mechi 12 na kufungwa 20, wakawa wa tano kati ya timu saba, wala kombe hawakulipata kamwe. Timu yenyewe ilikufa mwaka 1942. Na Hamilton, mji wa chuma, haujapata tena timu katika ligi hiyo hadi leo, ingawa umeomba zaidi ya mara moja.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna aliyethubutu. Ligi ilibaki na timu sita kuanzia 1942 hadi 1967, na katika ligi ya timu sita mchezaji mkaidi hana pa kukimbilia. Mwaka 1957 Ted Lindsay wa Detroit, mmoja wa washambuliaji wakubwa wa zama zake, aliunda chama cha wachezaji, akitaka hasa kujua hesabu za mfuko wao wa malipo ya uzeeni. Alihamishiwa Chicago, timu dhaifu, na chama kikavunjika mwaka uliofuata. Chama cha kudumu kilipatikana mwaka 1967 tu, ligi ilipoongezwa kufikia timu 12. Hata hicho kilipata msiba wake: Alan Eagleson, aliyekiongoza hadi 1992, alikiri makosa ya udanganyifu mwaka 1998 na kwenda jela.

Baadaye wenye timu nao walijifunza kugoma, kwa kufunga milango. Msimu wa 1994–95 ulipunguzwa hadi mechi 48, na ule wa 2012–13 vivyo hivyo. Msimu wa 2004–05 haukuchezwa kabisa. Kombe la Stanley halikutolewa mwaka huo, na ukitafuta msimamo wa ligi wa mwaka huo hutaupata, maana hakuna kilichoandikwa.

Nimalizie na akina mama na mabinti, ambao safari hii walianza upande mwingine wa jambo. Kabla ligi yao mpya ya kulipwa ya Marekani na Kanada haijachezwa hata mechi moja, wachezaji waliunda chama, wakajadiliana, na katikati ya mwaka 2023 wakapitisha mkataba wa pamoja utakaodumu hadi 2031. Mshahara wa chini uliwekwa dola 35,000, na kila timu ililazimika kuwa na wachezaji wasiopungua sita wanaolipwa dola 80,000 au zaidi. Ndipo Januari 1, 2024, mjini Toronto, mechi ya kwanza ikachezwa.

Utaratibu wao una ladha ya pekee. Timu nne za juu huendelea, na aliye wa kwanza hupewa haki ya kujichagulia mpinzani kati ya wa tatu na wa nne. Msimu huo wa kwanza Toronto waliongoza ligi, wakawachagua Minnesota, wa nne, wakashinda mechi mbili za mwanzo, kisha wakafungwa tatu mfululizo. Hao nao waliongoza ligi wakakosa kombe, ila walilikosa barafuni, mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Minnesota waliendelea hadi fainali, wakaishinda Boston katika mechi ya tano tarehe 29 Mei 2024.