Mkimbiaji si Mkimbizi

Kiswahili kina maneno mawili yaliyozaliwa na kitenzi kimoja, nayo humfikisha mtu mahali pawili tofauti kabisa. Mkimbiaji huishia uwanjani. Mkimbizi huishia kambini. Dar es Salaam hakuna anayeyachanganya. Lakini katika barabara ya Kibondo kwenda Kasulu, saa kumi na moja alfajiri, kijana aliyevaa kaptula, asiye na mzigo wala kitambulisho, naye anakimbia huku akihema, ana kazi ya kujieleza.

Waha wa nyanda hizi na Warundi wa ng'ambo husikilizana lugha, na wilaya hizi zimepokea watu waliokimbia vita mara nyingi kuliko wilaya nyingine nyingi nchini. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka. Kwa hiyo mgambo huuliza: unatoka wapi, unakwenda wapi? Kijana mmoja wa Kibondo alijibu kwa ukweli mtupu kwamba anatoka nyumbani, anakwenda Kifura, kisha anarudi nyumbani. Anakwenda Kifura kufanya nini? Hafanyi kitu, anageuka tu. Mgambo akamkalisha chini mpaka kulipokucha, apatikane mtu mwenye akili timamu wa kueleza jambo hilo. Siku hizi kijana huyo hukimbia na barua ya mtendaji wa kijiji, yenye mhuri. Ya kwanza ililowa jasho ikasomeka mhuri peke yake, ya pili ameipeleka ikapigwa plastiki.

Basi akisubiri jua lichomoze, hukumbana na salamu. Anayewafahamu Waha anajua kwamba salamu si mkono unaopunga hewani. Mtu husimama, huinama, hupiga makofi ya taratibu, huulizia nyumba, watoto na shamba. Kumpita mzee mbio ni kumtukana. Kwa hiyo mwanariadha wetu husimama. Wazee sita, vituo sita, na saa ya mkononi haina adabu, inaendelea kuhesabu. Mahali pengine bibi humwahi yeye: "Mwanangu, nani amefariki?" Maana kijijini anayekimbia asubuhi huwa amebeba habari ya msiba.

Tumecheka. Sasa tutazame ugumu wenyewe, na kwanza vilima, kwa sababu vinasifiwa kupita kiasi. Sehemu kubwa ya nyanda za Kasulu na Kibondo iko kati ya mita 1,200 na 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu akipanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua, na kila pumzi humletea oksijeni kidogo kuliko ya pwani. Figo huona upungufu huo, hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi, na chembe hizo ndizo wachukuzi wa oksijeni. Hiyo ndiyo faida ya Iten, Kenya, yenye mita zipatazo 2,400. Lakini faida hiyo huanza kuonekana vizuri kwenye mita 2,000 hivi. Vilima vyetu vinajenga mapaja na moyo kweli kweli, ila kwa upande wa damu vinatoa kidogo.

Na hicho kidogo kina mwizi wake. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu hizo hizo na kuzipasua. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017, takriban mtoto 1 kati ya 4 wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma alikutwa na vimelea, na hakuna mkoa uliouzidi. Ongeza minyoo ya safura, inayonyonya damu tumboni. Kijana anayeugua mara mbili tatu kwa mwaka anachota maji kwa ndoo iliyotoboka. Ninapowauliza vijana hawa wanahitaji nini, jibu huwa viatu. Ningekuwa kocha wao ningeanza na chandarua.

Halafu kuna sahani. Misuli na ini huweka akiba ya wanga inayomtosha mkimbiaji kwa kilomita 30 hivi, na marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ugali wa muhogo hujaza ghala hilo barabara. Ila muhogo una protini haba mno, na bila maharage au dagaa wa Ziwa Tanganyika misuli iliyochanika haikarabatiwi. Kijana akimaliza kilomita 20 alfajiri hushika jembe hadi mchana, na mama yake huwa na hesabu nyingine: mazoezi yako, mwanangu, yanamaliza unga.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba wanakimbia kwa kasi mno. Wakimbiaji hodari wa dunia sehemu kubwa ya kilomita zao huenda polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzao. Moyo na mishipa hujengeka hivyo, na miguu hupona kwa ajili ya siku ya kasi. Hapa nani atakubali kwenda polepole, baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi impite, na watoto washangilie baiskeli?

Hawajitesi kwa starehe. Wanariadha wetu wengi walilelewa na majeshi. Juma Ikangaa, mshindi wa New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, alikuwa afisa wa jeshi. Alphonce Simbu wa Singida ni askari wa JWTZ. Septemba 2025 huko Tokyo alimaliza marathoni kwa saa 2:09:48, muda ule ule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, na kifua chake ndicho kilichotangulia. Akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya riadha katika mashindano ya dunia. Kwa kijana wa Kasulu asiye na kazi, kila alfajiri ni maombi ya ajira.

Na asiambiwe kwamba vilima vya huku havizai. Francine Niyonsaba, aliyepata fedha ya mita 800 Rio mwaka 2016 na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 mwaka 2021, alizaliwa Ruyigi, uliokuwa mkoa wa Burundi uliopakana na Kibondo. Huko huko Rio, Wasudani Kusini watano kutoka kambi ya Kakuma walikimbia katika timu ya wakimbizi, kwa hiyo hata yale maneno mawili ya mwanzo yanaweza kukaa kifuani pa mtu mmoja.

Lakini katika alfajiri nne nilizosimama kando ya barabara ile nilihesabu wakimbiaji tisa, na msichana hakuwepo hata mmoja. Nilipouliza, mama mmoja aliyekuwa akitoka kisimani aliishusha ndoo na kunitazama. "Wasichana wako nyuma yangu," akasema, "wanabeba maji."