Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Ndugu mkulima, huenda kabichi zako zimewahi kuuzwa katika soko la City Park, kule Parklands, Nairobi. Leo tujifunze jambo kutoka mtaa huo.

Parklands ina hospitali mbili kubwa: M.P. Shah, iliyotokana na chama cha hisani cha Social Service League, na Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958. Lakini ukingoni mwa Parklands hiyo hiyo palijengwa mtaa wa vibanda uitwao Deep Sea, ambao sehemu yake ilibomolewa mwaka 2021 kupisha barabara. Mtu wa kibandani aliishi karibu na hospitali hizo, lakini bila fedha ukaribu huo haukumfaa. Kwako wewe hospitali iko mbali kwa maili. Kwake ilikuwa mbali kwa shilingi. Taabu ni moja.

Je, dawa yake ni nini? Ni kuanzia nyumbani, tukishirikiana. Mwaka 2023 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, mjini na mashambani, kila mmoja akiangalia kama nyumba 100. Mkobani mna kipimo cha presha, cha sukari na cha homa. Akiona hatari, hukuelekeza kituo cha afya mapema. Tena ni jirani yako, si mgeni.

Lakini mhudumu peke yake hawezi. Fanyeni hivi:

1. Mjueni mhudumu wenu, mkamfungulie mlango. Presha haipigi hodi; mtu hulima leo akaanguka kesho.

2. Kila boma liwe na choo cha shimo, si chini ya mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Wekeni maji na sabuni karibu.

3. Mjane au mzee asiyeweza kuchimba, achimbiwe na majirani. Hii si sadaka. Nzi wa choo chake hutua katika sahani yako.

4. Wekeni akiba ya kikundi ya nauli, ili mama mwenye uchungu wa uzazi asingoje mpaka mume auze maziwa.

Ndugu, mnalinda mpaka wa shamba kila mtu lake, lakini kipindupindu hakijui mpaka. Katika baraza lijalo, ulizeni swali hili moja: ni nyumba gani kati yetu haina choo? Kisha chukueni majembe, mwende pamoja.