Maswali ya Wasomi Mtandaoni: Lipi Kweli, Lipi Uzushi?

Kama umewahi kukesha na tasnifu, haya umeshayasikia, na huenda umeyasema mwenyewe. Tovuti ya watafiti ya ResearchGate ilianza mwaka 2008, MathOverflow ya wanahisabati ikafuata 2009, na tangu hapo watafiti wanaulizana hadharani huku hadithi zikizidi kunoga. Hebu tuzipime.

“Wanaouliza ni wanafunzi, profesa kazi yake kujibu.” Si kweli hata kidogo. William Thurston alipata Medali ya Fields, tuzo inayotamaniwa na kila mwanahisabati, mwaka 1982. Mwaka 2010 aliingia MathOverflow akauliza: kati ya unavyoiwaza hisabati kichwani na unavyowaeleza wenzako, pengo ni kubwa kiasi gani? Terence Tao, naye mwenye medali hiyo, akajibu kwamba aliwahi kujiviringisha sakafuni, macho ameyafumba, ili aelewe hesabu iliyomsumbua. Jambo kama hilo huwezi kulikuta kwenye makala ya jarida. Lilitoka kwa sababu bingwa alikubali kuuliza.

“Swali pana huvuta majibu mengi.” Si kweli. Andika “Naombeni msaada wa takwimu” uone litakavyopitwa. Sasa andika hivi: “Nina wagonjwa 40, kila mmoja alipangiwa kupimwa shinikizo la damu mara 3. Nitumie ANOVA ya vipimo vya kurudiwa au modeli mseto? Nimejaribu ya kwanza, imewaacha nje wagonjwa 9.” Hapo mtaalamu ana pa kushika. Atakuuliza kama hao 9 walikosa kipimo kimojawapo. Ikiwa walikosa, atakuelekeza kwenye modeli mseto, maana yenyewe hutumia hata vipimo vya mgonjwa asiyekamilisha vyote. Na atataka kujua kwa nini walikosa, kwani aliyezidiwa akashindwa kuja si sawa na aliyesahau tarehe. Sentensi tatu zimefanya kazi ambayo kurasa mbili za maombi zisingeifanya.

“Ukianika tatizo lako, wajanja watakupora.” Kwa kawaida si kweli. Swali lako limebandikwa jina na tarehe, na huo ni ushahidi. Mwaka 2009 mwanahisabati Timothy Gowers aliweka wazi mtandaoni tatizo gumu la hisabati, akakaribisha yeyote alishike. Kwa wiki chache tu likapatiwa njia, na makala ikatoka kwa jina la pamoja, D.H.J. Polymath. Data za wagonjwa, hata hivyo, usizianike kamwe.

“Jibu lenye kura nyingi ndilo sahihi.” Nusu kweli. Kura husaidia kuchuja, lakini jibu lililowahi huzikusanya kabla lililo bora halijafika. ResearchGate yenyewe ilikuwa na alama iliyochanganya machapisho, maswali na majibu ya mtafiti, ikaiondoa mwaka 2022. Soma hoja, fuata marejeo, kisha ndipo uamini.

“Kuuliza si ujinga.” Kweli tupu! Wazee hawakukosea. Mimi huwapenda zaidi waulizaji wanaorudi baada ya wiki mbili wakaandika: “Nimejaribu, imekubali, kosa lilikuwa kwenye safu ya tarehe.” Miaka inapita, na mtu mwingine aliyekwama usiku wa manane anakutana na mstari huo, anafungua faili lake, anaanza na safu ya tarehe.