Mlima Mrefu, Mafuta Haba

Himalaya inashika rekodi ya urefu, na rekodi ya matope pia. India ilipoigonga Asia, safu hiyo ilipanda, na uzito wake ukalipinda ganda la dunia lililo kando, kama kamba za kitanda zinavyobonyea anapoketi mtu mzito. Shimo hilo ndilo uwanda wa Ganga, na mito haijaacha kulijaza. Ziada huenda baharini: tandiko la mashapo la Bengal, kwenye sakafu ya Bahari ya Hindi, lina urefu wa kilomita zipatazo 3,000, na mahali pengine unene unazidi kilomita 16. Duniani hakuna kubwa kuliko hilo. Lakini mafuta ya maana uwanda wa Ganga haujatoa.

Taji la mafuta ni la Zagros, safu ya milima ya Iran ambayo kilele chake kirefu zaidi, Dena, hakifiki mita 4,500. Siri yake ni ya kabla mlima haujainuka. Kwa mamilioni ya miaka ukingo wa Arabuni ulikuwa sakafu ya bahari ya joto, Tethys. Viumbe vidogo vilikufa, vikazama, vikafukiwa katika tope lisilo na hewa. Arabuni iliposukumwa dhidi ya Asia, miamba ile ilididimia ikapikwa na joto la ardhini. Matabaka ya juu yakakunjana kuwa matuta marefu, chokaa ikapasukapasuka na kuyapa mafuta nafasi, na chumvi na jasi zilizoachwa na bahari iliyokauka zikawa kifuniko kisichovuja. Huko Masjed Soleyman, tarehe 26 Mei 1908, kisima cha mita 360 hivi kilifoka: mafuta ya kwanza ya kibiashara Mashariki ya Kati. Ghuba ya Uajemi yenyewe ni sehemu isiyojaa bado ya bonde lililopindwa na uzito wa Zagros. Kina chake kwa wastani ni mita 35 tu.

Ghawar ya Saudi Arabia, eneo kubwa kuliko yote la mafuta ya kawaida, lenye urefu wa kilomita 280, nisingeihesabia Zagros. Tuta lake lilianza kuumbika zamani zaidi, juu ya nyufa za miamba ya chini kabisa.

Kwa akiba iliyotangazwa ya nchi moja, Venezuela, yenye mapipa zaidi ya bilioni 300, haina mpinzani. Mafuta yake mengi, ya ukanda wa Orinoco, yalipikwa chini ya milima ya kaskazini, yakasafiri mbali kuelekea kusini hadi karibu na uso wa ardhi, ambako bakteria walikula sehemu nyepesi. Yamebaki mazito kama lami.

Na kwetu? Rwenzori, mita 5,109, ndio mlima mrefu kuliko yote Afrika usio wa volkano. Ganda lilipopasuka, pande moja lilinyanyuka na jirani yake likazama, likawa bonde la Ziwa Albert. Mafuta ya bonde hilo yana nta nyingi, kwa kuwa asili yake ni mimea midogo ya ziwani, na huganda yakipoa. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto njia nzima; hakuna la aina hiyo duniani linalolifikia kwa urefu.