Nani Amemtawaza?

Ligi ikiisha, magazeti yetu huandika kwamba timu fulani "imetawazwa" bingwa. Si vibaya, ila neno hilo ni la ikulu kabla ya kuwa la uwanjani. Kama lala inavyozaa laza, ndivyo tawala inavyozaa tawaza: kumfanya mtu atawale. (Mhariri, chunga herufi: ukiandika tawadha, sultani anatia udhu mbele ya wageni.) Aliyelazwa ana aliyemlaza, na aliyetawazwa ana aliyemtawaza. Ni nani huyo?

Swali hilo liliulizwa kwa mizinga Unguja mwaka 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na siku hiyohiyo binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia katika jumba la kifalme na kujitangaza sultani. Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya himaya yao tangu 1890, walishikilia kwamba hakuna wa kukalia kiti hicho bila ridhaa yao. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu ilipogonga na Khalid hajatoka, manowari zikafyatua. Haikupita saa nzima. Watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa, naye akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Mchana wake Hamoud bin Mohammed akawa sultani.

Khalid, basi, alijitawaza. Silabi ile ya "ji" imebeba hukumu nzima. Na Hamoud? Vitabu husema alitawazwa. Mimi nasema aliwekwa. Kutawaza kunataka watu wenye haki ya kutawaza, na alama wanazozitambua wanaotawaliwa. Pate walikuwa na siwa, baragumu la enzi, ya pembe ya ndovu; Lamu ya shaba. Manowari si siwa.

Bara kuna neno jingine: kusimika. Mamlaka ya kiserikali ya machifu wa Tanganyika yalifutwa 1963, lakini neno halikufa. Septemba 2021, mkoani Mwanza, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mkuu wao na kumpa jina la Hangaya. Urais wenyewe alikwisha kuuapia Machi mwaka huo, mbele ya Jaji Mkuu, kwa Katiba.

Kwa hiyo, wenzangu wa vyumba vya habari, mkiandika kwamba rais "ametawazwa", mnampa kiti cha urithi ambacho Katiba haikijui. Andikeni ameapishwa.